Msitusimulie kisa, tutajieni nani alikuwamo

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wako huandika mara kwa mara kuulizia vichekesho vya zamani vya televisheni. Mmoja anataka kujua ni sehemu (episode) ipi ya Mind Your Language, kile kichekesho cha Uingereza cha darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, ambayo mwalimu na wanafunzi wake wanafungiwa darasani. Mwingine anaikumbuka The Cosby Show, baba anamfundisha mwanawe thamani ya fedha, lakini hajui sehemu hiyo inaitwaje wala ni ya mwaka gani, na angependa aipate awaonyeshe wanawe. Ni maswali ya maana kabisa. Vipindi hivi vilikusanya familia nzima na majirani mbele ya televisheni moja, na mtu aliyepotewa na sehemu aliyoipenda anastahili kusaidiwa. Shida ni kwamba maswali mengi yanaandikwa kwa namna isiyojibika, na wanaojitolea kujibu wanaishia kubishana. Sisi tunaokuandikia kutoka Dodoma tunavifuatilia vipindi hivi kwa karibu, na tunaomba nafasi tueleze swali la namna hii liulizwe vipi na jibu lake litafutwe wapi.

Kinachoharibu mengi ni kuanza na kisa. Mtu anaandika mistari kumi akieleza nani alimdanganya nani na mambo yakaishaje, halafu hataji hata mhusika mmoja kwa jina. Kumbe kisa ndicho kinachofanana zaidi katika vichekesho. Mahasimu wawili kukwama kwenye lifti, mgeni wa kawaida kudhaniwa mkaguzi, mtu kununa kwa kuwa siku yake ya kuzaliwa imesahauliwa kumbe sherehe inaandaliwa kwa siri, mtoto kuficha mnyama chumbani wazazi wasijue: hayo yametengenezwa Marekani na Uingereza mara zisizohesabika. Tena vipo vipindi vilivyouziana visa waziwazi. Sanford and Son ya Marekani, iliyoonyeshwa kati ya 1972 na 1977, ilitokana na Steptoe and Son ya BBC, na sehemu zake za mwanzo zilichukua hadithi kutoka huko. Three's Company, iliyoanza 1977, ilitokana na Man About the House ya Uingereza. Mind Your Language yenyewe ilizaa Zabaan Sambhalke nchini India mwaka 1993, darasa la namna ile ile, ila wageni wanajifunza Kihindi. Kwa hiyo aliyekumbuka darasa la watu wazima wa mataifa mbalimbali wakiboronga lugha bado hajasema aliona kipindi kipi, hasa kama nyumbani kwao kulikuwa na kanda za Kihindi.

Hata ndani ya kipindi kimoja kisa hudanganya. Chukueni hilo swali la baba, mwana na fedha. Zipo sehemu mbili za The Cosby Show zinazolingana na maelezo hayo. Ya kwanza ndiyo iliyofungua kipindi chenyewe, tarehe 20 Septemba 1984: baba, Cliff, anaingia chumbani kwa mwanawe Theo, anampa fedha za mchezo wa Monopoly kama mshahara wake, halafu anazichukua moja baada ya nyingine kwa kodi na matumizi mengine mpaka mkono wa kijana unabaki mtupu. Ya pili inaitwa "Theo's Holiday", ya 1986. Humo familia nzima inaigeuza nyumba kuwa ulimwengu wa nje, Theo anapaswa kupanga chumba chake mwenyewe, kutafuta kazi na kuomba mkopo, na Rudy, dada yake mdogo, ndiye mwenye jengo. Mtu akizichanganya hizo mbili kichwani hupata sehemu ya tatu ambayo haipo, na atahangaika kuitafuta maisha yake yote. Kuuliza fedha zilikuwa za rangi gani hakusaidii. Muulizeni hivi: walikuwa wawili tu chumbani, au nyumba nzima iliingia mchezoni? Na wimbo wa kufungulia ulikuwaje, familia ikishuka kwenye gari, au kila mmoja akicheza dansi? Ufunguzi wa gari ni wa msimu wa kwanza peke yake. Dansi ilianza msimu wa pili na ikawa inabadilishwa karibu kila msimu, mavazi, mandhari na mapigo ya muziki. Kwa kipindi hiki, mtu anayeukumbuka vizuri ufunguzi karibu ameshatupa mwaka.

Ndiyo maana tunasisitiza wahusika. Andika nani alikuwamo, na kwa uzito ule ule andika nani hakuwamo. Tuonyeshe kwa Good Times, ile familia ya Evans ya Chicago iliyorushwa Marekani kuanzia 1974 hadi 1979. Kama baba, James, yupo, sehemu hiyo ni ya misimu mitatu ya mwanzo, kwa sababu John Amos aliyemcheza aliondoka na msimu wa nne ulifunguliwa na habari ya kifo cha James kwa ajali ya gari. Kama James hayupo, mama Florida yupo, na yule binti mdogo Penny hajaingia, hapo ni msimu wa nne, 1976 hadi 1977. Penny, aliyechezwa na Janet Jackson akiwa bado mtoto, aliingia mwanzoni mwa msimu wa tano. Msimu huo Florida hayupo, maana Esther Rolle aliyemcheza alikuwa amejitoa. Akarudi msimu wa sita, ambao ndio wa mwisho. Kwa hiyo Penny bila Florida ni msimu wa tano, Penny pamoja na Florida ni wa sita. Kipindi kina sehemu 133. Kwa majina matatu tu, James akiwa hayumo, bila hata neno moja la kisa, umeshabakiwa na ishirini na kitu za kupitia, nayo ni kazi ya jioni moja mbele ya orodha.

Mind Your Language ina njia yake. Ilirushwa na London Weekend Television misimu mitatu, sehemu ya kwanza ikiwa ya tarehe 30 Desemba 1977 na msimu wa tatu ukiwa wa 1979, jumla sehemu 29. Ilifufuliwa mwaka 1986 kwa sehemu 13 nyingine, na Barry Evans akarudi kuwa Mwalimu Brown, kwa hiyo kumwona yeye hakukwambii umeshika awamu ipi. Mtazame Ali Nadim. Dino Shafeek aliyemcheza alifariki 1984, hivyo sehemu yoyote yenye Ali ni ya zile 29 za mwanzo bila ubishi. Hiyo ya kufungiwa darasani, ambayo huulizwa kuliko zote, inaitwa "All Through the Night" na imo katika msimu wa kwanza. Anayekumbuka Ali akiwa miongoni mwa waliofungiwa aitafute huko. Anayekumbuka darasa lenye sura nyingi asizozizoea, na Ali hayupo kabisa, aanzie 1986.

Vipo vingine ambavyo alama moja inatosha. The Fresh Prince of Bel-Air (1990 hadi 1996) ilibadilisha mwigizaji wa Shangazi Vivian mwaka 1993: Janet Hubert ni misimu mitatu ya mwanzo, Daphne Maxwell Reid ni iliyobaki. Mtoto wao Nicky akiwa mchanga wa kubebwa ni msimu wa nne au mwisho wa wa tatu, akiwa anatembea na kuongea ni wa tano kuendelea. Family Matters ilianza 1989 bila yule jirani Steve Urkel, ambaye aliingia msimu wa kwanza ukiwa umeshafika katikati. Binti mdogo Judy haonekani tena baada ya msimu wa nne.

Usipokumbuka jina lolote, angalia picha. Vichekesho vya Uingereza vya miaka ya 1970 vilirekodiwa studio kwa kanda ya video, lakini wahusika wakitoka nje kazi ilifanywa kwa filamu. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: ndani ya nyumba picha ni kali na mwendo wake ni laini, mlango ukifunguliwa wakatoka barabarani picha inafifia, ina chembechembe, na rangi zinageuka. Ukikumbuka badiliko hilo, karibu hakika ni Uingereza. Kama katikati paliandikwa "End of Part One", yaani nusu ya kwanza imekwisha, kilitoka kwenye mtandao wa ITV wa Uingereza uliokuwa na matangazo ya biashara, kwa kuwa BBC haikuwa na matangazo na vichekesho vyake vilikaribia dakika 30 bila kukatwa. Vya ITV vilikuwa kama dakika 25.

Maandishi ya mwisho ni hazina, na watu wengi huyaacha yapite. BBC iliandika mwaka wa utengenezaji kwa tarakimu za Kirumi kwenye mstari wa mwisho kabisa: M ni 1000, CM ni 900, L ni 50, X ni 10, V ni 5, I ni 1, kwa hiyo MCMLXXVIII ni 1978. Hapo hukosewa kwa namna mbili. Kwanza kanda iliyochakaa humeza vijiti vya mwisho, VIII ikasomeka VI, na mtu akakosea kwa miaka miwili huku ana uhakika. Simamisha picha, hesabu vijiti, rudia na picha inayofuata. Pili, mwaka ule ni wa kutengenezwa, hauna maana kwamba ndio mwaka wa kurushwa, na kilichotengenezwa mwishoni mwa mwaka kinaweza kuwa kilionyeshwa mwaka uliofuata. Ukiwa na tarakimu hizo, ruhusu mwaka mmoja mbele.

Sasa kuhusu mwaka ambao wewe uliona. Hapa ndipo barua nyingi zinapopotosha bila kukusudia. Mtu anaandika "ni kipindi cha 1996" kwa sababu alikiona 1996, na wenzake wanatafuta vya 1996 wakati chenyewe ni cha 1978. Vituo vyetu vilinunua vipindi vilivyokwisha kuonyeshwa kwao miaka mingi nyuma, na vikavirudia. Hata hivyo mwaka wako una kazi yake, ilimradi uutumie kutambua njia iliyokuletea kipindi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970, na Kenya tangu 1962. Basi mtu aliyeona kichekesho akiwa Dodoma, Kondoa au Manyoni mwaka 1988 alikiona kwenye kanda. Asipoteze muda kwenye ratiba za vituo. Aulize kanda ilitoka wapi, maana kanda iliyoletwa kutoka London na iliyorekodiwa Nairobi zina habari tofauti ndani yake. Nembo ya kona nayo inasema. Sauti ya Kenya, kituo cha taifa cha huko, iligeuka KBC mwaka 1989. TBC ilianzishwa mwaka 2007, hivyo nembo ya TVT, jina la awali la televisheni yetu ya taifa, haiwezi kuwa ya miaka ya karibuni.

Aliyeangalia kituo kwa mpangilio wa kila wiki anaweza kufika mbali zaidi kwa magazeti ya zamani. Kurasa za ratiba za televisheni kwa kawaida zinataja jina la kipindi na saa tu, sehemu haitajwi. Lakini ukipata wiki ambayo kipindi kilianza kuorodheshwa, unaweza kuhesabu: wiki ya kwanza ni sehemu ya kwanza, ya kumi na moja ni ya kumi na moja. Maktaba Kuu ya Taifa na mkusanyo wa East Africana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinatunza magazeti ya zamani. Kwa walio huku, ni busara kuanza kwa kuuliza Maktaba ya Mkoa kabla ya kupanda basi. Hesabu hii inavunjika kwa sababu ambazo sisi wa Dodoma tunazijua vizuri. Mkutano wa bajeti ukiwa unarushwa moja kwa moja, vipindi vilisogezwa au kuachwa, na ratiba iliyochapwa asubuhi haikuwa na habari hiyo. Mechi za Kombe la Dunia hivyo hivyo. Oktoba 1999, katika msiba wa Mwalimu Nyerere, kichekesho hakikuwa na nafasi hewani. Kwa hiyo kila unapohesabu wiki, kagua ukurasa wa mbele wa gazeti la siku hiyo pia. Kukiwa na jambo kubwa la kitaifa, weka alama ya kuuliza kwenye wiki hiyo na uhesabu mara mbili, ukiiweka na ukiiruka.

Wapo wenye kanda zenyewe, zimelala kabatini. Tunawasihi wasizitumbukize kwenye deki kwa pupa. Huku kwetu ukungu si adui mkubwa kama pwani. Adui ni vumbi, hasa la miezi ya upepo kati ya Julai na Oktoba, linaloingia kupitia kifuniko cha mbele cha kaseti na kukaa juu ya utepe. Chembe moja ngumu ikipita kwenye kichwa cha deki inachora mstari unaokwenda urefu wote wa kanda, na mstari huo hautoki. Fungua kifuniko kwa kubonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, tazama utepe kwenye mwanga, futa plastiki ya nje kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe uliojizungusha, huo ni ukungu: usiicheze, itachafua deki na kuambukiza kanda zote zitakazofuata. Kanda safi ipelekwe mbele mpaka mwisho na irudishwe mwanzo mara moja kabla ya kuichezesha, kwa kuwa utepe uliokaa miaka mingi hujishika. Vichwa vya deki visafishwe kwa spiriti safi isiyo na maji mengi, kwa ngozi laini au kitambaa maalumu. Pamba ya kawaida huacha nyuzi zikanasa kichwani. Fundi mzoefu wa televisheni pale Majengo atakuelewa ukimwambia hivyo. Halafu vunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti ili mtu asije akarekodi harusi juu yake.

Soma na lebo. E-180 ni kanda ya PAL, mfumo wetu na wa Uingereza, dakika 180 kwa mwendo wa kawaida na 360 kwa mwendo wa nusu. Deki isiyo na mwendo wa nusu itakutolea sauti za kasi na picha iliyokatika, na wengi hutupa kanda nzuri wakidhani imeharibika. Herufi T, kama T-120, ni dalili ya kanda ya Marekani, mfumo wa NTSC wenye mistari 525 badala ya 625. Kwenye deki ya PAL pekee utapata picha inayoviringika au isiyo na rangi. Hapo kanda haina kosa, tafuta deki ya mifumo yote. Na ukishaipata picha, usiishie kwenye kichekesho. Acha iendelee. Tangazo la sabuni, saa ya kituo, dakika mbili za taarifa ya habari ya saa 2 usiku zilizonaswa kwa bahati, vyote hivyo vinakupa tarehe ya kurushwa kwa uhakika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Kuhusu maneno waliyosema wahusika: sentensi moja iliyokumbukwa sawasawa ina thamani kubwa, lakini angalieni ilisemwa na nani. Katika mabanda ya video mkalimani alisema juu ya sauti ya filamu, na alijaza utani wake mwenyewe uliotuvunja mbavu. Kama unachokumbuka ni mzaha wa Kiswahili, unaweza kuwa wa mkalimani, na hautapatikana kwenye orodha yoyote ya Kiingereza. Tenga maneno uliyoyasikia kwa Kiingereza na uliyotafsiriwa.

Kutafuta kwenye intaneti kuna nidhamu yake. Usiandike kisa kizima. Andika jina la kipindi, jina la mhusika mmoja na kitu kimoja kinachoshikika, kwa Kiingereza: kiti cha magurudumu, kasuku, tai nyekundu ya shingoni. Kitu kidogo kilichotokea mara moja kinafaa kuliko jambo kubwa linalotokea kila wiki. Ukimkumbuka mwigizaji mgeni, tumia jina lake kwenye IMDb, tovuti ya orodha za filamu na vipindi, maana orodha ya kazi zake itakupeleka kwenye sehemu moja kwa moja. Kwa vipindi vya BBC ipo hazina ya ratiba za jarida la Radio Times kuanzia 1923 hadi 2009, iliyowekwa wazi kwa umma, na mara nyingi ina muhtasari wa mstari mmoja. Kuna wanaouliza programu za akili bandia. Zinafaa kupendekeza, lakini hutunga majina ya sehemu zisizokuwapo kwa lugha ya kujiamini, kwa hiyo jina lolote litakalotajwa lihakikiwe kwenye orodha kabla ya kumpelekea mtu. Na sehemu uliyoipata itazame yote. Muhtasari unaofanana si ushahidi. Kumbukeni pia kwamba vituo na wauzaji walikata dakika kadhaa ili kupata nafasi ya matangazo, kwa hiyo tukio unalolikumbuka linaweza kukosekana kwenye nakala moja na likawamo kwenye nyingine. Kabla hujasema "siyo hii", linganisha urefu.

Zipo zilizopotea kweli. BBC ilifuta kanda nyingi ili izitumie tena, na Dad's Army, yenye sehemu 80 zilizorushwa kati ya 1968 na 1977, mpaka leo imekosa 3 za msimu wa pili. Lakini Afrika ina nafasi yake katika kuzipata. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 za Doctor Who, tamthilia ya BBC, zilizodhaniwa zimepotea zimepatikana Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni. Si kichekesho, ila mfano unatuhusu: kituo kilichonunua kipindi miaka ya zamani kinaweza kuwa na nakala ambayo mwenyewe hana.

Vichekesho vyetu ndivyo vigumu kuliko vyote, na hilo linatuuma. Vitimbi na Vioja Mahakamani za Kenya, Ze Comedy ya EATV na baadaye Orijino Komedi ya TBC1 baada ya kundi kuhama, nyingi hazina orodha yenye namba na majina ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifungua. Kwa Orijino Komedi ipo njia: walikuwa wakiigiza habari za wiki na watu mashuhuri, kwa hiyo tafuta tukio lililofanyiwa mzaha, upate tarehe yake magazetini, na sehemu itakuwa ya wiki chache zinazofuata. Kwa kuanzia, taja kituo na nani alikuwa kwenye kundi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Maswali haya yanapokuja, uyachape kwa mpangilio mmoja, na yaliyokosa maelezo yarudishwe kwa mwenyewe kabla ya kuchapwa. Mfano wa swali ambalo tungelijibu kwa siku moja ni huu: "Kipindi: Good Times. Nilikiona Dodoma, kwenye kanda, lebo T-120. Waliokuwamo: Penny, J.J., Thelma. Hawakuwamo: James, Florida. Mahali: sebuleni kwao muda wote. Sentensi ya Kiingereza: siikumbuki. Kitu: zulia lililoungua. Nina uhakika na majina, sina uhakika na zulia." Anayelijibu anafungua msimu wa tano peke yake. Zulia lisipopatikana humo, anajua kwamba mwulizaji alishatahadharisha juu yake, na anaendelea kwa majina.

Pamoja na hilo, ukurasa wako wa ratiba ya televisheni wa miaka iliyopita umo kwenye ghala lenu. Mkianza kuupiga picha na kuuweka ambapo wasomaji wanaweza kuufikia, hata mwaka mmoja mmoja, kuanzia 1994, tutajitolea kuupitia na kuandika vipindi vyote vya vichekesho kwa tarehe na kituo.

Ni sisi wasomaji wako,
Dodoma